Mtungi Ukinyamaza

Wivu ni kidonda, wahenga walisema, ukishiriki utakonda. Wahenga hawakumjua Saumu Shekiondo. Yeye wivu ulimnenepesha. Tangu Nargis Mbaruku apewe tuzo ya Mwandishi wa Mwaka, Saumu alikuwa ameongezeka kilo nne, sketi mbili zimegoma kufunga, na mashavu yamemjaa kama mtu aliyetoka fungate. Kila akimwona Nargis alitafuta kitu cha kutafuna, na Nargis alikaa meza ya pili kutoka kwake.

Jumatatu hiyo asubuhi mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu palikuwa na keki. Chumba cha habari cha *Sauti ya Mkonge* kilikuwa ghorofa ya tatu, Tanga mjini, madirisha yake yakitazama mapaa ya Ngamiani. Mhariri, Bwana Mhando, alikuwa amepanda juu ya kiti akipigilia ukutani fremu yenye habari iliyoshinda. Kichwa cha habari hiyo kilikuwa maneno mawili tu: KIJANI? KUNYWA!

"Tazameni, vijana," Mhando alisema, msumari mdomoni. "Maneno mawili, na mji mzima umejua kutumia mtungi. Mimi niko kwenye kazi hii miaka ishirini na mbili, sijawahi kuandika maneno mawili yenye faida kiasi hiki."

"Andika 'Leo mapumziko,' bosi," jamaa wa michezo akadakia. "Hayo nayo ni mawili."

Watu wakacheka. Nargis akacheka pia, kile kicheko chake cha kuweka kiganja kifuani kana kwamba moyo wake ni ndege anayeweza kutoka. Akachukua sahani akamfuata Saumu mezani.

"Shoga, mbona hujala?"

"Nimekula."

"Kipande kimoja?"

"Kwani unanihesabia, Nargis?"

"Aa, jamani! Nilitaka kukuongezea."

Na kweli alitaka kumwongezea. Hilo ndilo lililomuudhi Saumu. Laiti Nargis angekuwa mtu mbaya, chuki ingepata pa kukaa. Lakini hakuwa mbaya. Alikuwa mwema, mrembo, mwenye bahati, na hakusoma chochote mara mbili.

Bangili ya shaba kwenye mkono wa Saumu ikamfinya. Akaitazama. *Wivu, 41.* Akaivutia mkono wa blauzi.

Kila mwandishi wa habari alivaa bangili kama hiyo. Zilianza mwaka ule uzushi ulipochoma soko, watu kumi na wawili wakafa kwa habari iliyoandikwa na mtu mwenye kisasi. Watu wakasema: hatutaki tena kujua mwandishi kasema nini, tunataka kujua kaandika kwa moyo gani. Ndipo ikaja Sheria ya Nia Safi. Bangili husikiliza mapigo ya damu, jasho la ngozi na mtetemo wa vidole saa zote, na mtu anapoandika hugonga mhuri juu ya habari yake: *utulivu*, *hofu*, *hasira*, *wivu*, na kiwango chake. Habari ikizidi thelathini kwa hasira au wivu, vioo vya simu za wasomaji huificha vyenyewe. Ipo, lakini hakuna anayeisoma; kinachoonekana ni jina la mwandishi na mhuri wake, na mhuri huo huliandama jina lile popote litakapotajwa.

Nargis alikuwa hajawahi kuzidi tano. Utulivu mtupu. Hata hiyo habari ya mtungi ilikuwa na mhuri mweupe kama yai.

Mtungi wenyewe ulikuwa pembeni mwa chumba, kama ulivyokuwa pembeni mwa kila sebule ya Tanga tangu maji ya bomba yalipoacha kuaminika. Mweusi, mnene kiunoni, na pete ya mwanga shingoni. Unamimina maji, unafunga kifuniko, na ndani inawaka taa ambayo miale yake haionekani kwa jicho. Miale hiyo ndiyo inayoua vijidudu. Pete ya shingoni hung'aa kijani. Nargis aliandika kwamba kijani ikiwaka maji yako tayari, na mji ukaitikia amina.

Saumu ndiye aliyeomba kwenda kwenye uzinduzi wa mitungi. Aliomba kwa barua, akaeleza kwamba amesoma mambo ya umeme miaka miwili kabla ya kuhamia stashahada ya uandishi. Mhando alimjibu kwamba Nargis ana sura ya uzinduzi.

Akaivuta sahani ya keki karibu.

*

Shangazi Mwajabu alimlea Saumu tangu ana miaka sita, na alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Aliona mwanga na kiza, na katikati ya hapo akakisia. Jioni hiyo Saumu alimkuta kibarazani, mtaa wa Makorora, anachambua mchele kwa vidole, midomo ikienda kama anasoma uradi.

"Umechelewa," Shangazi alisema. "Mama Zaina hapo jirani karudishwa tena hospitali. Mara ya tatu hiyo."

"Tumbo lile lile?"

"Tumbo gani jingine? Nyumba nzima inaharisha. Na kwa Mzee Bakashmari, na kule kwa wale wapangaji wapya. Choo cha mtaa kina foleni kama siku ya kura."

"Maji wanatia kwenye mtungi?"

"Wanatia. Mama Zaina mwenyewe kaniapia. Anasema hanywi mpaka kijani."

Saumu aliingia ndani kiu imemshika. Akamimina ndoo kwenye mtungi, akafunga kifuniko. Pete ikang'aa kijani. Akafungua koki, akakinga glasi.

Fimbo ya mkwaju ya Shangazi ikamgonga kiwiko. Saumu hajui mpaka leo Shangazi alivuka vipi sebule bila kujikwaa.

"We mtoto! Ubwabwa ukiwa motoni unapakua?"

"Shangazi, kijani imewaka."

"Mimi kijani siijui. Sikiliza. Unavuma huo. Maji yanapikwa bado. Mtungi ukinyamaza ndio unywe."

"Nani kakwambia?"

"Fundi aliyekuja kuufunga. Alianza kunionyesha taa, nikamwambia baba, mimi macho sina, niambie kwa sikio. Akasema, bibi, ukisikia unavuma ujue kazi inaendelea, ukisikia kimya, maliza kiu yako. Wewe siku zote unakunywa maji ninayokuwekea mimi. Umewahi kuumwa?"

Saumu akaketi sakafuni mbele ya mtungi na glasi yake isiyonywewa. Uvumaji ulikuwa mdogo, kama nyuki mmoja ndani ya chupa. Akatazama saa. Dakika ya saba pete ikazimika, na nyuki akanyamaza.

 Akatoa simu yake mfukoni, akafungua picha za video za siku ya uzinduzi. Alizijua kwa moyo. Alikuwa amezitazama mara kumi na moja, wala si kwa ajili ya maji. Alimtazama Nargis, safu ya mbele, na mtandio wa zambarau ambao Saumu aliuona kwanza dukani akauacha ili aurudie mwisho wa mwezi. Mara kumi na moja aliutazama mtandio ule na kumwombea mwenye nao ajikwae.

Safari hii hakuutazama mtandio. Alitazama sinia la chuma lililokuwa nyuma ya mtu wa kampuni, mtungi ukionekana ndani yake kama kwenye kioo. Dakika ya tatu mtu yule alimimina maji, na pete ikawaka. Wapiga picha wakaruka, *kijani, kijani!* Yeye akasimama mbele ya mtungi, akaanza hotuba. Dakika ya nne Nargis aliinuka, akainama kama mtu anayepita mbele ya wanaoswali, akatoka. Alikuwa na picha yake. Anawahi kutuma. Hotuba ikaendelea, ya shukrani, ya wadau, ya kaulimbiu. Dakika ya kumi, ndani ya lile sinia, doa la kijani lilizimika. Ndipo mtu wa kampuni akakinga maji, akanywa, akapigiwa makofi. Kiti cha Nargis kilikuwa kitupu.

Waliotengeneza mtungi walikuwa watu wa maabara. Kwao kijani ilimaanisha taa imewaka na inafanya kazi, usifungue. Nargis alikuwa mtu wa barabarani. Kwake kijani ilimaanisha pita. Na kati ya maabara na barabara palikuwa na dakika sita za hotuba ambazo hakuna mwandishi aliyezikalia. Wengine wote walinakili kwake.

Furaha iliyompanda Saumu haikuwa ile ya mtu aliyegundua dawa. Ilikuwa ya mwanamke aliyeona gauni la mke mwenziwe limechanika mgongoni, katikati ya harusi, na mwenyewe hana habari. Bangili ikamfinya mpaka akauma mdomo.

"Una nini?" Shangazi aliuliza kutoka mlangoni. "Unahema kama umekimbizwa."

"Nimeona kosa, Shangazi."

"La nani?"

"La Nargis."

Shangazi akagonga sakafu kwa fimbo. "Basi yasemee maji," alisema. "Nargis mwache."

*

Aliandika alfajiri, na hakuwahi kuandika vizuri hivyo maishani mwake. Dakika saba, sinia la chuma, fundi na bibi asiyeona. Hakumtusi mtu. Jina la Nargis alilitaja mara moja, kwa adabu. Alipobonyeza kutuma, bangili ikagonga mhuri: *Wivu, 88.*

Chini yake Mhakiki akaongeza neno lake. Mhakiki ilikuwa mashine ya kuthibitisha ukweli, na namna yake ya kuthibitisha ilikuwa kuhesabu: vyombo vingapi vimesema hivi, vingapi vimesema vile. *Si kweli,* aliandika. *Vyombo 214 vinasema kijani ni tayari. Chombo 1 kinakanusha.*

Saumu akaibeba habari hiyo mpaka mezani kwa Mhando. Mhando aliisoma yote, akatazama video, akatoka kupiga simu, akarudi akalegeza tai.

"Ni kweli," alisema.

"Basi itoe."

"Nitaitoa wapi? Themanini na nane, Saumu! Mwaka juzi yule bwana aliyemwandika mtalaka wake alipata sabini. Hii hata mamako hataiona."

"Kampuni je?"

"Nimewapigia sasa hivi. Wanasema wanalifanyia kazi. Hospitali nao wanasema wanasubiri Mhakiki akubali. Kila mtu anamsubiri Mhakiki, na Mhakiki anawasubiri wao."

"Asubuhi nimekwenda nyumba kwa nyumba," Saumu alisema. "Bintiye Mama Zaina kanijibu, *dada, wewe si ndiye unayemchukia yule wa tuzo? Mhuri wako tunauona.* Akamimina maji mbele yangu. Kijani ilipowaka, akawapa wadogo zake."

Mhando akajikuna kidevu. "Njia ni tatu. Ya kwanza, usubiri moyo upoe."

"Unapoa lini?"

"Mimi nilimwonea wivu shemeji yangu miaka tisa. Alipokufa ndio nikapumzika. Ya pili ni Radhi: unasimama redioni mbele ya Baraza la Habari, unamtaja uliyemwonea wivu, unaomba radhi, mhuri unafutwa. Lakini Radhi ni Ijumaa, na wiki hii imejaa. Ungepata ya wiki ijayo. Leo Jumanne."

"Wiki ijayo watu watakuwa wamekufa. Ya tatu?"

Mhando alisukuma kiti nyuma. Alisimama, akaifuta fremu ya KIJANI? KUNYWA! kwa leso, ingawa haikuwa na vumbi.

"Yupo mtu mmoja tu ambaye Mhakiki hamwombi hesabu," alisema. "Aliyeandika kwanza. Mwenye habari akiisahihisha mwenyewe, na wale mia mbili wote waliomnakili hubadilika saa hiyo hiyo. Na moyo wa mwenye habari hii, unaujua, haujawahi kuzidi tano."

Saumu akaisogelea fremu.

"Unataka nimpelekee."

"Sitaki. Nakuambia njia."

"Nimpelekee Nargis habari yangu, aiandike yeye, itoke kwa jina lake, na wewe upigilie fremu nyingine."

"Msumari ninao," Mhando alisema taratibu, wala hakucheka.

*

Nargis alikaa Raskazone, nyumba ya kwao, yenye bustani ya asumini. Alikuwa nyumbani siku hiyo. Alifungua mlango macho mekundu, lakini alipomwona Saumu uso wake ukachangamka kana kwamba amepelekewa zawadi.

"Shoga! Wewe na kwangu? Karibu, karibu, leo mvua itanyesha. Jua lote hili umekuja kwa miguu? Keti nikupe maji."

"Nargis, nina neno."

"Neno halikimbii. Maji kwanza."

Mgeni maji ndipo salamu ikamilike. Hivyo ndivyo walivyolelewa wote wawili. Nargis alimimina jagi kwenye mtungi, kijani ikang'aa, akakinga glasi mbili. Moja akaiweka mbele ya Saumu. Nyingine akaishika yeye, kwa vile vidole vyake virefu, akaanza kuiinua.

Yalikuwa maisha ya nukta moja, na Saumu aliyaishi yote. Aliuona mdomo wa Nargis unaifuata glasi. Akajiona akinyamaza. Siku mbili za tumbo, tatu labda, Nargis amelala amekauka midomo, bila mtandio, bila kicheko cha kiganja kifuani. Hakuna atakayejua. Anywe. Kijani kasema mwenyewe.

Kisha mkono wake ukaruka. Alimpiga Nargis kofi la mkononi, glasi ikapaa, ikavunjika ukutani, na maji yakamlowesha Nargis kuanzia shingo hadi magoti. Bangili ilisema *93.*

"Una wazimu?" Nargis alipiga ukelele. "Saumu! Nimekukosea nini mimi?"

"Kimya. Sikiliza."

"Nisikilize nini, umenipiga nyumbani kwetu!"

"Mtungi, Nargis. Usikilize mtungi."

Wakasimama hivyo, mmoja amelowa, mwingine mkono bado uko hewani, katikati ya vipande vya glasi. Nyuki mmoja ndani ya chupa. Dakika ni ndefu unapozisubiri na mtu usiyempenda. Pete ilipozimika na kimya kikaingia, Saumu akamwonyesha video. Nargis aliitazama mpaka pale alipojiona anainuka, na baada ya hapo hakuitazama pete wala sinia. Alikitazama kiti.

"Nilikuwa na picha," alisema. "Nilikuwa nawahi."

"Sote huondoka tukishapata picha."

"Usinifariji."

"Sikufariji. Ningekuwa mimi ningekaa."

Nargis akageuka polepole kutazama mlango wa chumba cha nyuma, uliokuwa umerudishwa nusu. "Mama yuko ndani," alisema. "Anaharisha tangu Ijumaa. Mimi ndiye ninayemnywesha. Kila saa namnywesha, Saumu, daktari kasema maji mengi." Akakaa chini pale pale penye maji, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Saumu hakujua la kufanya na mikono yake. Alizunguka akapata kitambaa, akaanza kuokota vipande. "Radhi ya glasi," alisema bila kumtazama. "Na ya kofi. Niliogopa ungekunywa."

Bangili ilishuka: themanini, sitini, thelathini na tisa. Hakuwahi kuiona chini hivyo akiwa karibu na Nargis.

Kisha Nargis akajifuta uso, akaketi mezani, akaandika. Aliandika nusu saa, bila kufuta, na aliandika vizuri. *Nilikosea. Niliondoka kabla ya hotuba kwisha, na kwa sababu hiyo mama yangu anaumwa. Mtungi ukinyamaza ndio unywe.* Saumu alisoma begani kwake, na sentensi ya pili ikamchoma, kwa kuwa yeye asingeweza kuiandika. Bangili ikapanda tena.

"Hapa nataja jina lako," Nargis alisema. "Kwamba wewe ndiye uliyeona."

"Ukinitaja itafichwa. Jina langu lina mhuri wa themanini na nane. Litaiburuza na yako."

"Lakini ni yako!"

"Najua ni ya nani."

Kidole cha Nargis kilikaa juu ya jina, hakibonyezi. Kutoka chumba cha nyuma mama yake alikohoa, akaomba maji kwa sauti ndogo.

"Lifute," Saumu alisema.

*

Mhakiki alikubali kabla ya adhuhuri. Vyombo mia mbili na kumi na vinne viligeuka kama samaki wa kundi moja. Mpaka Alhamisi foleni ya choo cha Makorora ilikuwa imekatika, na Mama Zaina alikuwa kibarazani anakunywa uji. Wiki iliyofuata kampuni ilipita nyumba kwa nyumba ikibandika karatasi kwenye kila mtungi, maandishi makubwa, *UKINYAMAZA, KUNYWA*, na mafundi wakaanza kubadilisha pete iwe nyekundu. Mama yake Nargis alipona. Mzee Bakashmari hakupona. Walimzika Jumatano, na Saumu alikwenda msibani akaketi nyuma.

Na Nargis akapongezwa. Ujasiri wa kujisahihisha, walisema. Wangapi wanaweza? Mhando alipigilia fremu ya pili. Alipomaliza alimwangalia Saumu, naye Saumu akaomba mkate.

Lakini bangili haisahau. Ilikuwa na habari ya *88* isiyosomwa na mtu, na kofi la *93* lililopigwa nyumbani kwa mwenzake. Baraza la Habari lilimwita kwenye Radhi, Ijumaa ya wiki hiyo, saa kumi alasiri. Akiomba radhi, mhuri utafutwa. Asipoomba, leseni itachukuliwa.

Studio ya redio ilikuwa ndogo, yenye baridi. Mwenyekiti wa Baraza, Bi Mwantumu, alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya kubembeleza. Nargis aliketishwa upande wa pili wa meza, kwenye kiti cha aliyekosewa. Kati yao palikuwa na mtungi, unavuma.

"Wacha niwaambie ukweli," Nargis alimnong'oneza Saumu kabla taa ya redio haijawaka. "Niseme wewe ndiye uliyegundua. Sasa haidhuru, karatasi zimeshabandikwa."

"Sema ukipenda. Lakini hawajaniita kwa hilo."

Taa ikawaka. Bi Mwantumu akamsogezea Saumu karatasi yenye maneno ya Radhi, yale yale yanayosomwa na wote. "Soma, mwanangu, uende zako nyumbani. Ni mistari minne tu. Tumeisoma wengi."

Saumu akasoma. "Mimi, Saumu Shekiondo, nilimwonea wivu Nargis Mbaruku." Akainua macho. "Hilo ni kweli. Namwonea hata sasa. Amevaa ule mtandio."

Mtu nyuma ya kioo cha studio akacheka, kisha akajizuia.

"Endelea, mwanangu. Mstari wa pili."

"Mstari wa pili unasema wivu wangu uliwadhuru wananchi." Aliiweka karatasi mezani. "Bi Mwantumu, ile habari ya kwanza wewe uliisoma mara ngapi?"

"Hapa hatujaja kuulizana."

"Nakuuliza kwa heshima, mama."

"Mara moja. Kama kila mtu."

"Kama kila mtu. Mji mzima ulimpenda Nargis, ukamsoma mara moja, ukanywa. Mhuri wake ulikuwa mweupe. Aliandika kwa utulivu kosa lililomzika Mzee Bakashmari, na hakuna bangili iliyomfinya. Mimi nilimsoma mara kumi na moja. Nilitazama video yake mpaka nikajua idadi ya pindo za mtandio. Nilikuwa natafuta pa kumpasua, sikuwa natafuta maji yenu. Nikapata maji yenu. Ningekuwa na moyo safi ningeisoma mara moja nami, na mngekuwa bado mnakunywa."

Nargis alikuwa ameinamisha kichwa. 

"Saumu," Bi Mwantumu alisema, na sauti ya kubembeleza ilikuwa imepungua, "leseni yako iko mezani. Una shangazi asiyeona anayekutegemea. Mistari minne. Mwenzio yuko hapa, anakusamehe."

Mtungi ukanyamaza. Nargis, ambaye mkono wake ulikuwa tayari juu ya koki, alisubiri kidogo zaidi, akihakikisha, kisha akakinga glasi moja na kumsogezea Saumu. Bangili ilimfinya Saumu alipoona vile vidole virefu vikiizungusha glasi. Akaifungua kifungo, akaivua, akaiweka juu ya karatasi ya Radhi. Mkono wake ulikuwa na alama nyekundu pande zote.

Akanywa maji yote, akaweka glasi chini.

"Glasi niliyoivunja nilishamwomba radhi, kwao, siku ile ile, na kofi pia," alisema kwenye maikrofoni. "Wivu ni wangu. Umefanya kazi ambayo mapenzi yenu hayakuifanya. Chukueni leseni. Siombi radhi."